Visiki Vibichi

Kulikuwa bado giza pale jiko la Verna Lienert lilipoanza kulia.

Haukuwa mlio mkubwa. Aliusikia kwa sababu alikuwa amesimama karibu kabisa, amevaa koti la marehemu mumewe Clarrie juu ya gauni la kulalia, akisubiri birika lichemke. Ss-s-s, kama mtu avutaye pumzi kwa meno akitiwa dawa kwenye kidonda. Alidhani maji yamemwagikia chuma cha moto, akapangusa kwa kitambaa. Mlio haukukoma. Akafungua kimlango cha jiko, akainama taratibu kadiri goti lilivyomruhusu, akaona kisiki alichokitia muda mfupi uliopita kinatoa povu jeupe upande mmoja, na povu linachuruzika majivuni.

Kisiki kikavu hakilii. Kule kwao, mashambani mbali na jiji la Adelaide, kuni ni visiki vya mikaratusi mifupi ya asili, ile inayotoa mashina matano au sita kutoka gogo moja lililojificha ardhini. Plau huvifukua kwenye mashamba yaliyofyekwa enzi za babu, na vikiingia jikoni huwaka kimya, vyekundu, mpaka siku ya pili. Verna alikuwa amevipikia tangu aolewe. Hiki kilikuwa kibichi. Ulikuwa mti mzima, wenye majani, kiangazi kilichopita.

Visiki hivyo alikuwa ameletewa na jirani yake, Lyall Zadow. Kila mwaka baridi ikikaribia, tangu Clarrie afariki, Lyall alileta tela zima na kuvipanga mwenyewe ukutani, vidogo juu ili Anti Verna asiiname. Hilo halikuwa lote. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani aliangalia dirisha la jikoni kwake. Ikifika saa moja pazia liwe limepandishwa, ndivyo walivyokubaliana. Siku moja Verna aliamka na homa, pazia likachelewa, na kabla hajapata hata viatu vyake Lyall alikuwa mlangoni, matope mpaka magotini, anaita.

Kwa hiyo Verna hakutaka kuliwaza lile lililomjia kichwani. Alikunywa chai. Alipandisha pazia. Kisha jua lilipoyeyusha umande wa barafu kwenye nyasi, alichukua kigari chake cha kutembelea akakisukuma kwenye mchanga kuelekea uzio wa mashariki, ng'ambo ya mwinuko.

Upande wa pili wa uzio, kwenye ardhi ya Lyall, palikuwa na ukanda wa msitu. Zamani, matrekta mawili yalipoburuta mnyororo mzito katikati yao na kuilaza miti ya nchi nzima, wazee wa nyumba zote mbili waliuacha ukanda ule uzuie upepo. Miti yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai. Ndani yake aliishi kuku-mwitu, yule ndege anayerundika mchanga na majani makavu mpaka kichuguu kinamfikia mtu kiunoni, akafukia mayai humo yaanguliwe kwa joto la majani yanayooza. Verna na Elfrieda, mama yake Lyall, walikuwa wakikaa kwenye kivuli na chupa ya chai kumtazama dume akipekua kichuguu kwa miguu, akipima joto, akiongeza, akipunguza, bila kupumzika. Elfrieda alikuwa akisema laiti angeolewa na yule.

Nusu ya ukanda haikuwepo.

Verna alisimama ameshika waya. Ardhi ilikuwa tupu na nyekundu, imesawazishwa, na miti imesukumwa pembeni katika marundo marefu yanayongoja kuchomwa. Nusu ya mbali, ile ya kichuguu, ilikuwa bado imesimama. Aliitazama sana, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya ajali.

Pikapu ya Lyall ilimkuta njiani akirudi.

"Anti, unatembea mbali hivi peke yako? Ukianguka nani atakuona, kunguru?"

"Kunguru wana adabu kuliko wewe. Nimetoka kwenye uzio."

Lyall alizima injini. Alikuwa mwanamume mnene mwenye uso mwekundu wa jua, na alipoona haya alikuna shingo, tangu utotoni. Akakuna shingo. Akasema vile ni vichipukizi tu vilivyoota juzi, na sheria inaruhusu kufyeka vichipukizi.

"Lyall, mimi nimekufunga nepi. Mti ule usiniambie ni kichipukizi."

Akacheka, kisha akamweleza, kwa uvumilivu, kama anavyoelezwa mtu mzima ambaye hakufika mbali shuleni. Mashine mpya ya kupandia ilikuwa pana kuliko nyumba yake, na iliongozwa na setilaiti, inakwenda moja kwa moja kama uzi. Ukanda ule uliifanya ipinde, irudi, ipinde tena, mafuta yanateketea na mbegu zinarudiwa pale pale. Nusu iliyobaki angeiondoa kabla ya msimu ujao. Tena, akasema, mwaka huu Anti amepata kuni safi, hazina udongo hata kidogo, yeye mwenyewe amezichagua.

Verna alimwomba aiache ile nusu. Hakumwomba kwa ukali. Alimwambia habari za kuku-mwitu na za mama yake. Lyall alishuka, akampakia na kigari chake, akampeleka mpaka mlangoni na kumfungulia mlango.

"Mambo ya mashine niachie mimi, Anti. Wewe niwazie keki."

Na Verna akamwokea keki, kwa sababu alikuwa ameahidi, ile ya chachu yenye punje za siagi na sukari juu yake. Alipokuwa akiioka, jiko lililia muda wote.

Alikaa karibu wiki mbili kabla ya kupiga simu. Serikalini kuna ofisi ya kulinda mimea ya asili, na namba yake ilikuwa nyuma ya kalenda ya wakulima. Alimwambia msichana aliyepokea kwamba anataka kuuliza tu: je, mtu anaruhusiwa? Msichana aliitwa Despina. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelelewa na bibi. Hakumkatiza, hakumharakisha, akamwacha azunguke mpaka afike mwenyewe. Alipomaliza, Despina aliuliza jina lake, na Verna akalitaja, kwa kuwa aliulizwa vizuri. Alisema hataki mtu aingie matatani. Anataka tu ile nusu ibaki. Despina akamwambia jina lake halitatoka ofisini.

Na kweli halikutoka. Haikuhitajika. Ofisi ilitazama picha za setilaiti, Despina akaja na gari jeupe, akatembea na kupiga picha, akamkabidhi Lyall amri ya kusimamisha kila kitu mpaka shauri liishe. Lyall aliisoma akiwa amesimama uani kwake. Katika wilaya nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa amemuuliza habari za ukanda ule.

Hakuja kugombana. Verna alijiandaa kwa ugomvi. Alikuwa hata ameshayapanga maneno. Pikapu ilipita asubuhi na kurudi jioni, na mkono uliokuwa ukipungwa dirishani haukupungwa tena.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wanawake walipanga sahani mezani kwenye ukumbi wa kanisa kama kawaida, na Verna akaweka keki yake ameshaikata vipande. Watu walikula vya wenzao. Waliizunguka sahani yake kama vile mtu anavyozunguka dimbwi, bila kuiangalia. Raelene, mke wa Lyall, alisimama karibu akimimina chai, lakini hakuchukua. Mwishoni mzee Elmore Noske, aliyekuwa mwanakwaya tangu vita, alikuja akachukua kipande kimoja, akakifunga kwenye leso.

"Nitakula nyumbani," akamwambia kwa sauti ya chini. "Usinielewe vibaya, Verna. Lyall ndiye anayenivunia ngano yangu."

Alimshukuru kwa hicho kimoja, na alimshukuru kwa moyo wote. Vingine aliwapa kuku.

Kisha asubuhi moja ya baridi kali goti lilimwacha. Alikuwa anakwenda kupandisha pazia. Alijikuta chini, shavu kwenye vigae, mguu umekaa vibaya, na kamba ya pazia inaning'inia pale ambapo mkono haufiki. Hakuogopa sana mwanzoni. Alijua saa moja ikipita mtu atakuja. Alisikia pikapu inapunguza mwendo kwenye mkunjo wa barabara. Ilikuwa ikipunguza mwendo hapo kila siku kwa ajili ya dirisha lake. Ikasimama. Akaisikia injini inaunguruma palepale kwa muda, na akafungua kinywa kuita, ingawa alijua sauti haifiki. Kisha ikatiwa gia ikaondoka.

Adhuhuri ilirudi, ikapita bila kupunguza mwendo. Mchana ule Verna alijikokota kwa viwiko mpaka kwenye kiti, akajiinua juu ya kiti, na kwa kiti akafika kwenye jiko lililozimika. Mguu haukuwa umevunjika. Nyonga nzima ilivilia damu. Jambo lililomkera kuliko maumivu ni kwamba alikuwa amejikojolea, na akawa anaomba, sasa, asije mtu yeyote. Akawasha moto. Hakuwa na kuni nyingine ila zile.

Sheria ya mimea inataka pande zinazovutana zikae kwanza kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa na mahakama. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa mji wa Wolpara, chini ya kamishna aliyetoka Adelaide, Bwana Farrelly, mtu mwenye miwani na kikohozi. Verna aliitwa na upande wa Lyall kama shahidi. Despina ndiye aliyekuja kumchukua, akamfunga mkanda wa gari, akamwambia asiogope, watamuuliza machache. Kamishna alipoona anavyokaa kwa upande kwa ajili ya nyonga, alisimama mwenyewe akamletea mto kutoka chumba kingine. Wote walikuwa watu wema. Verna alikumbuka baadaye kwamba hakuna hata mmoja aliyemkosea adabu.

Wakili wa Lyall alikuwa kijana mpole. Sheria humruhusu mwenye shamba kukata kuni za matumizi ya nyumbani, na yeye alitaka kuonyesha kwamba kazi yote ile ilianzia kwenye kuni za mjane asiyejiweza. Hakupandisha sauti hata mara moja.

"Bi. Lienert, baridi hii umeota moto?"

"Nimeota."

"Kwa kuni za nani?"

"Za Lyall."

"Alikudai chochote kwa hizo kuni?"

"Hajawahi kunidai kitu."

"Na wewe ulimpa nini?"

"Keki."

Watu wakatabasamu, hata kamishna. Lyall alikuwa anatazama mikono yake.

"Ulipogundua kuni zenyewe ni mbichi," wakili akaendelea, "uliacha kuzichoma?"

Despina aliinua uso kwenye makaratasi yake. Nje mtu alikuwa akifagia ngazi, na ufagio ulisikika vizuri sana.

"Niliendelea kuzichoma," akasema. "Baridi ilikuwa kali."

"Asante sana, mama. Ni hilo tu."

Wakampeleka kwenye benchi la koridoni, wakamletea chai na biskuti mbili kwenye kisahani. Mlango ulifungwa. Alisikia sauti zao zikienda na kurudi, kwanza ngumu, kisha laini, na baada ya muda mrefu akasikia mtu anacheka, na mwingine akamjibu kwa kucheka, na akajua wamekwisha kupatana. Alifurahi. Alidhani watu wakicheka hawawezi kuwa wameamua jambo baya.

Despina alitoka akakaa karibu naye. Akamweleza polepole. Ushahidi wa kesi ulikuwa na shaka, na mahakama huchukua miaka, na ofisi yao ina watu wachache. Kwa hiyo wamekubaliana. Lyall hataadhibiwa kwa nusu aliyoing'oa, na ile iliyobaki pia ataruhusiwa kuiondoa, ilimradi atafute msitu mwingine wa asili ulio mkubwa zaidi, uzungushiwe uzio, uondolewe kondoo na sungura, uandikishwe kwenye hati ya ardhi kwamba hautaguswa na yeyote milele. Kwa hesabu za ofisi, akasema, mimea inatoka na faida.

"Msitu huo mwingine yeye anao wapi? Mbona shamba lake lote ni ngano."

Despina alikunja kona ya faili, akaikunjua.

"Wakili wake amekitaja kilima chako, mama. Kile ambacho mume wako hakukifyeka. Ofisi imekipenda. Inahitajika sahihi yako tu."

Verna alikifikiria kilima. Clarrie alikuwa amekataa kupitisha mnyororo pale, mwaka ule kila mtu alipomwita mvivu. Walikitunza bila kuambiwa na mtu. Kila majira ya kuchipua walikwenda kung'oa magugu kwa mikono, wakipiga magoti, wanaimba.

"Kilima hakijafanya kosa lolote," akasema. "Kwa nini kimlipie Lyall?"

"Hakiumii, mama. Kinalindwa."

"Na kuku-mwitu?"

Despina alisema kwenye ripoti imeandikwa kwamba ndege huweza kuhama. Alisema hivyo akitazama biskuti. Verna akamwambia amwambie wakili kwamba hapana, hatatia sahihi, na Despina akamshika mkono akaubana, akasema ana haki hiyo kabisa, na kwamba bila sahihi makubaliano yote yanakufa na amri ya kusimamisha inabaki. Alimrudisha nyumbani. Mlangoni Verna alimkaribisha chai, lakini msichana alikuwa na safari ndefu.

Basi ile nusu ilibaki imesimama. Verna aliilinda kwa kutofanya kitu, na ilikuwa kazi nzito kuliko zote alizowahi kufanya. Duka la mjini lilisitisha kumletea vitu. Kijana wa gari alisema njia imebadilishwa. Kuni zilikwisha. Alianza kuchoma viti vya baraza ya nyuma, kimoja kimoja, na kulala na koti. Mwishoni mwa baridi alianguka tena, na safari hii aliyempata ni mtu wa kusoma mita ya umeme, na safari hii nyonga ilikuwa imevunjika.

Mtoto wake pekee, Graeme, anaishi Perth. Alipanga kila kitu kwa simu, kwa mapenzi. Alimtafutia mama yake chumba kwenye nyumba ya wazee Wolpara, chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, akamwambia ni mpaka apone. Baadaye akamwambia daktari hadhani kama atarudi kuishi peke yake. Baadaye tena akamwambia ataliuza shamba mwezi wa kumi na mbili ili kulipia chumba hicho. Verna aliuliza kilima je. Graeme akasema kilima ni sehemu ya shamba, Mama, atakayenunua atafanya atakavyo.

Watu wa kanisa walikuwa wakija kwenye nyumba ile kila Alhamisi, kuwaimbia wazee. Waliimba kwenye ukumbi wa chakula, wakapita korido wakisalimia mlango kwa mlango. Mlango wa Verna ulikuwa wa mwisho, na kila Alhamisi muda uliwaishia kabla hawajaufikia. Mara moja mhudumu alimletea mfuko ulioachwa mapokezi. Ndani yake mlikuwa na magauni yake ya kulalia kutoka nyumbani, yamefuliwa, yamepigwa pasi, na kwenye kola kila moja limeshonewa jina lake kwa uzi wa bluu. Hapakuwa na salamu. Verna aliitambua mishono ya Raelene. Alimsifia kwa wahudumu wote, na kwa jirani yake wa kitanda cha pili ambaye alikuwa hasikii.

Kuku-mwitu hutaga majira yale, joto linapoanza. Alikuwa akiwaza hivyo alasiri moja, kwamba dume sasa anapekua kichuguu kila alfajiri, pale mlango ulipogongwa na Lyall Zadow akaingia, kofia mkononi.

Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa amemletea ndara za manyoya ya kondoo na machungwa. Alisimama mpaka akaambiwa kaa. Kwa muda walizungumza habari za mvua, za mzee Elmore aliyezikwa wiki ile, za ngano iliyokuwa nzuri ajabu. Lyall alimenya chungwa, na bila kufikiri akaondoa nyuzi nyeupe zote, kipande baada ya kipande, kama mama yake Elfrieda alivyokuwa akimfanyia yeye. Akampa Verna mkononi. Verna alikula na machozi yakamtoka, akasema ni ukali wa chungwa.

Kisha Lyall alitoa karatasi.

Hakumlazimisha. Alimweleza yaliyo kweli. Graeme anauza, na yeye ndiye anayenunua, wameshaelewana. Ardhi ikiwa yake, kilima kitakuwa chake. Hana nia mbaya na kilima, lakini hata yeye atakufa, na wanawe ni watu wa mashine kubwa kuliko zake. Leo, wakati hati bado ni ya Anti, akitia sahihi, kilima hakiguswi na Lyall wala mtoto wa Lyall wala mjukuu. Asipotia, basi.

"Unanifunga kamba shingoni, mwanangu, halafu unaniuliza kama inabana."

"Si mimi, Anti. Ndivyo sheria ilivyokaa."

"Asubuhi ile pazia langu lilipokuwa chini. Ulisimamisha gari."

Alikuwa hajamwambia mtu yeyote habari hiyo. Lyall alikuna shingo. Alikuna mpaka ngozi ikageuka rangi.

"Nilisimama," akasema. "Nilidhani unanijaribu. Nilidhani umelishusha makusudi nije nikuombe radhi."

"Nilikuwa sakafuni."

"Sikujua."

"Hukuja kutazama."

Lyall alichukua ganda la chungwa akaanza kulivunjavunja vipande vidogo. Verna alimhurumia, ndivyo alivyokuwa. Aliona jinsi shati lilivyombana tumboni, na jinsi Raelene alivyobadilisha kifungo kimoja kwa kingine kisichofanana. Akakifikiria kilima, na Clarrie amepiga magoti. Akaufikiria ule ukanda, nusu yake ya mwisho, na dume anapekua. Vitu viwili, na mkono mmoja. Akaomba kalamu.

Alitia sahihi yake yote, Verna Adeline Lienert, kwa mwandiko wa shule. Lyall alikunja karatasi akaiweka mfukoni, na pumzi ikamtoka kama mtu aliyetua gunia.

"Mngojee amalize kutaga," Verna akasema. "Hilo tu naomba. Vifaranga wakishatoka wanajua kujitafutia wenyewe, hawamsumbui mtu. Ung'oe baada ya mavuno."

Lyall alikuwa ameshasimama. Alizungusha kofia mkononi, akatazama maegesho ya magari.

"Tulishaung'oa, Anti. Jumanne iliyopita. Trekta la kukodi lilikuwa wilayani siku zile tu, na wakili alisema sahihi yako ni utaratibu, lazima itapatikana."

"Na kichuguu?"

"Kilisawazishwa. Mimi sikuwa juu ya trekta, alikuwa dereva. Alisema mayai yalikuwa ya moto, alipoyashika."

Simu ilikuwa kando ya kitanda. Namba ya Despina ilikuwa kwenye kadi, imeegemezwa kwenye glasi ya maji, na Lyall aliiona kadi ile. Macho yake yaliifikia yakakaa. Kung'oa kabla ya sahihi kulikuwa kosa, na safari hii hapakuwa na kuni za mjane za kulifunika. Wote wawili walilijua hilo. Huko koridoni mhudumu alikuwa akisukuma mkokoteni wa chai, akiwauliza wazee mmoja mmoja wanataka maziwa.

Verna alinyoosha mkono. Aliipita simu, akachukua kipande cha mwisho cha chungwa, akakitia mdomoni, akakitafuna mpaka kikaisha.

Lyall alivaa kofia. Aliinama akazipanga ndara sambamba chini ya kitanda, mahali ambapo miguu yake ingezipata bila kuhangaika, kisha akaenda mlangoni.

"Njoo tena, Lyall," Verna akamwambia. "Hata kama huna karatasi."